Molière hakufia stejini, na siku ile alikuwa na sababu ya kupanda

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo Arusha najifunza Kifaransa. Mwalimu wetu kasema Molière alidondoka akafa stejini huku anaigiza mgonjwa, halafu kanisa likakataa kumzika. Mwenzangu darasani naye anabisha, anasema huyo Molière hata hizo tamthilia hakuziandika yeye. Ipi ni kweli? Na kwa nini Kifaransa kinaitwa lugha ya Molière?

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo na yote nayapenda, huyu Molière, mwandishi na mwigizaji wa tamthilia wa Ufaransa karne ya 17, nimekaa na kazi zake miaka mingi, nimemfundisha na nimewasimamia vijana wakamcheza, kwa hiyo nivumilie nikirefusha. Naanza na kifo maana ndo kinachopotoshwa zaidi.

Hakufia stejini. Alifia kitandani kwake, mtaa wa Richelieu hapo Paris, Ijumaa tarehe 17 Februari 1673, kama saa nne usiku, akiwa na miaka 51. Ila mwalimu wako hajatunga, ameifupisha tu. Siku ile kundi lake la maigizo lilikuwa linaonyesha Le Malade imaginaire kwa mara ya nne, mchezo wa mzee anaitwa Argan, mzima wa afya kabisa ila kajiaminisha kuwa ni mgonjwa, kutwa anakunywa dawa na kuhesabu bili za muuza dawa. Argan alikuwa Molière mwenyewe. Na hapo ndo moyo unaniuma kila nikisoma, kwa sababu anayeigiza mzima anayejidhania mgonjwa alikuwa mgonjwa kwelikweli, kifua kilikuwa kimemtesa miaka kadhaa. Mwisho wa mchezo kuna sherehe ya kumfanya Argan awe daktari, anaulizwa maswali kwa Kilatini cha kubabaisha na anatakiwa kujibu "Juro", yaani naapa. Pale pale mwili ukamtetemeka vibaya, akajikaza, akaigeuza ile tetemeko kuwa kicheko, baadhi ya watu waligundua lakini shoo ikaisha. Wakambeba kwenye kiti mpaka nyumbani, kikohozi kikazidi, mshipa ukapasuka ndani, damu ikamtoka mdomoni. Waliokuwa karibu yake ni watawa wawili wa kike aliokuwa amewapa hifadhi nyumbani kwake, wamekuja Paris kuomba sadaka za Kwaresma.

Sasa swali ambalo hukuuliza, na mimi naona ndo kubwa: kwa nini alipanda stejini siku ile? Grimarest aliyeandika maisha yake mwaka 1705, na mengi aliyapata kwa Baron, yule kijana ambaye Molière alimlea na kumfundisha uigizaji, anasimulia kwamba asubuhi mke wake na Baron walimsihi apumzike. Akawajibu kwamba kuna mafundi na vibarua hamsini hawana kingine isipokuwa ujira wa siku ile, asipocheza wao watakula nini, angejilaumu kuwanyima mkate hata siku moja kama bado anaweza kusimama. Sitakuapia kwamba ndo maneno yake neno kwa neno. Lakini ukiyajua maisha yake unaona yanamkaa sawasawa, maana huyu mtu tangu ana miaka 21 hakuwa mwandishi wa chumbani, alikuwa kiongozi wa kundi. Ukimtoa kwenye kundi lake humuelewi.

Jina lake halisi ni Jean-Baptiste Poquelin, alibatizwa tarehe 15 Januari 1622 kanisa la Saint-Eustache, Paris. Baba yake alikuwa fundi wa samani na mapazia, hawa tungewaita mafundi makochi, ila siyo fundi wa kibarazani, mwaka 1631 alinunua cheo cha kuwa fundi wa mfalme, anaingia ikulu na kitanda cha mfalme anakitandika. Cheo kile kilikuwa cha kurithishwa na mtoto mkubwa ndo angekipokea. Mama alifariki mtoto ana miaka kumi tu. Kasoma kwa Wajesuiti, shule nzuri sana, maisha yameshanyooka, halafu mwaka 1643 anamwambia baba cheo sikitaki, nataka kuigiza. Hebu fikiria hiyo nyumba siku hiyo!

Juni 1643 yeye na wenzake tisa wakasaini mkataba wa kundi, Illustre Théâtre. Nguzo ya lile kundi alikuwa mwanamke, Madeleine Béjart, mwigizaji aliyekuwa tayari anajulikana. Walikodi ukumbi wa mchezo wa jeu de paume, babu yake tenisi, wakaugeuza ukumbi wa maigizo, na wakafeli. Watu hawakuja, madeni yakapanda, mwaka 1645 Molière akawekwa ndani gereza la Châtelet kwa madeni, na mmoja wa waliokuwa wanamdai ni muuza mishumaa. Mishumaa ndo ilikuwa umeme wao, bila mishumaa hamna shoo. Jina Molière alikuwa ameanza kulitumia mwaka uliotangulia, na kwa nini alichagua hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Baada ya hapo waliondoka Paris, wakazunguka mikoani miaka kumi na tatu. Wanaofundisha huwa wanaipita haraka hii sehemu na mi naona wanakosea sana, kwa sababu ndiyo chuo chake. Lyon, Languedoc, Pézenas, leo mnacheza kwa mtemi wa eneo, kesho mnacheza kwa watu wa soko ambao wakichoka wanaondoka tu bila kuomba radhi. Hapo ndo unajifunza kicheko kinatoka wapi, mtu anyamaze sekunde ngapi kabla ya neno, mlango ufunguke lini. Waitaliano nao walikuwa wanazunguka na vichekesho vyao vya vinyago, mtumishi mjanja, mzee bahili, daktari mpiga domo, Molière akavichukua vyote akavitia nyama ya Kifaransa.

Tarehe 24 Oktoba 1658 wakapata nafasi ya kucheza Louvre mbele ya Mfalme Louis XIV, ana miaka ishirini. Wakaanza na tamthilia nzito ya Corneille, mwandishi mkubwa wa enzi hizo, ikawa baridi. Molière akasogea mbele, akaomba radhi kwa adabu zote, akamwomba mfalme awaruhusu waonyeshe kichekesho kidogo walichozoea kucheza mikoani. Mfalme akacheka mpaka basi! Kile kichekesho kimepotea, limebaki jina tu, ila ndicho kilichowapa ukumbi Paris na kuanzia hapo miaka kumi na tano mpaka kifo.

Nisikuorodheshee tamthilia zote, ziko zaidi ya thelathini. Nije kwa yule mwenzako anayebisha.

Hoja yake ni ya zamani kidogo. Mwaka 1919 mwandishi Pierre Louÿs alidai kwamba kazi kubwa za Molière ziliandikwa na Pierre Corneille, na watu wameirudiarudia mpaka leo kwa sababu hakuna hata muswada mmoja wa tamthilia uliobaki wenye mwandiko wa Molière, zimebaki sahihi zake kwenye hati tu. Ni kweli haujabaki. Lakini siku hizo mchezo ukishachapwa makaratasi hayakuwa na kazi, wengi miswada yao haikubaki. Mwaka 2019 watafiti Florian Cafiero na Jean-Baptiste Camps walilinganisha kwa kompyuta msamiati, vina, mpaka yale maneno madogo madogo ambayo mtu anayatumia bila kufikiri, za Molière zikakaa peke yake na za Corneille peke yake. Na pale waliposhirikiana hawakuficha, Psyché ya mwaka 1671 ilichapwa na maelezo wazi kwamba muda ulikuwa mfupi na Corneille alisaidia kuandika mashairi yake.

Mimi lakini kilichonishawishi hata kabla ya kompyuta ni kitu kingine, ni miili. Molière aliandika kwa miili ya watu wake. Louis Béjart, kaka yake Madeleine, alikuwa anachechemea, basi kwenye L'Avare, yaani Bahili, ya mwaka 1668 yule mtumishi La Flèche anachechemea, na Harpagon, mzee bahili baba wa bosi wake, anamtukana kwa hilo hilo. Mwigizaji Beauval alikuwa na kicheko kisichozuilika, basi kwenye Le Bourgeois gentilhomme kijakazi Nicole anaingia anamwona bosi kavaa nguo za ajabu, anacheka, anacheka, anaambiwa atachapwa, anasema nichape tu bwana ila niache nicheke nimalize. Na yeye mwenyewe alikuwa anakohoa, hawezi kukificha kikohozi, basi akampa Harpagon kikohozi na mshenga Frosine anambembeleza yule mzee kwamba anakohoa kwa madaha. Mtu wa nje anayeletewa kazi aandike nyumbani kwake angejua lini kwamba wiki hii kifua cha bosi kimekaza? Zile tamthilia zimetoka ndani ya kundi, zina jasho la kundi.

Twende kanisani sasa, maana kuzikwa kwake kunaanzia mbali. Mei 1664 pale Versailles alionyesha Tartuffe, habari ya mtu anayejifanya mcha Mungu kupindukia, anaingia nyumba ya tajiri Orgon, anaitawala, anataka kuozeshwa binti, anamtongoza mke wa mwenye nyumba, na mwisho anataka kuchukua mali na nyumba yenyewe. Wakubwa wa dini wakawaka, mfalme ambaye mwenyewe alicheka ikabidi apige marufuku isionyeshwe hadharani. Padre mmoja, Pierre Roullé, akaandika kwamba Molière ni shetani aliyevaa mwili wa mtu na anastahili kuchomwa moto. Agosti 1667 mfalme yuko vitani kaskazini, Molière akajaribu tena, kabadilisha jina la mchezo na kulainisha mambo, ikachezwa mara moja, kesho yake mahakama kuu ya Paris ikaifunga, na askofu mkuu akatangaza kwamba atakayeicheza, kuisoma au hata kuisikiliza faraghani atatengwa na kanisa. Alikaa nayo miaka mitano, anaandika maombi kwa mfalme, anairekebisha, haiachi. Tarehe 5 Februari 1669 ruhusa ikatoka na Paris nzima ikajaa mlangoni.

Watu husema alipinga dini. Isome vizuri, kwenye mchezo kuna Cléante, shemeji wa Orgon, kazi yake ni kutofautisha mcha Mungu wa kweli na yule wa kujionyesha. Molière alichokichukia ni mtu kutumia jina la Mungu kuingia mifukoni kwa watu. Na nadhani hilo wewe na mimi hatuhitaji kwenda Ufaransa kulielewa.

Madaktari nao aliwashughulikia mpaka siku ya mwisho. Na uelewe udaktari wa enzi zile ulivyokuwa, mgonjwa anatolewa damu, anapigwa bomba, anapewa dawa ya kuendesha, asipopona anatolewa damu tena. Harvey alishachapisha kuhusu mzunguko wa damu tangu 1628 na bado kitivo cha udaktari Paris kilikuwa na wazee wanaokataa, kwenye Le Malade imaginaire kuna kijana Thomas Diafoirus anakuja kuchumbia na zawadi anayomletea binti ni andiko lake la kupinga watu wa mzunguko wa damu. Ndani ya mchezo huo huo Argan anamtaja Molière kwa jina, anasema ningekuwa daktari ningelipiza, akiugua ningemwacha afe bila msaada. Na ndugu yake anamjibu kwamba Molière hataki dawa zao kwa sababu ana nguvu za kubeba ugonjwa wake tu. Mistari hii ameiandika yeye, siku chache baada ya kuonyeshwa mara ya kwanza ikamkuta yeye. Nikiifundisha hapo huwa nanyamaza kwanza.

Kwa hiyo turudi kwenye kile kitanda. Kanisa la Paris lilikuwa halimpi mwigizaji sakramenti wala maziko mpaka atubu na kusaini kwamba kazi ile ameiacha. Madeleine alisaini mwaka 1672 kabla ya kufa na akazikwa kwa heshima zote. Molière hakuwahi. Usiku ule walitumwa watu kuita padre, wawili wakakataa kuja, wa tatu akafika mtu keshakata roho. Paroko wa Saint-Eustache, kanisa lile lile alilobatizwa, akakataa kumzika. Mjane wake Armande akamwandikia askofu mkuu na akaenda kumwona mfalme, ndipo ikatoka ruhusa nusunusu: azikwe makaburini, ila usiku, bila misa, bila fahari yoyote. Akazikwa tarehe 21 Februari usiku kwenye makaburi ya Saint-Joseph, kwa mwanga wa mienge, na watu wakajaa hata hivyo. Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba alitupwa shimo la maskini, hilo nalo ni uzushi. Mabaki yaliyohamishiwa Père-Lachaise mwaka 1817 ndo yana mashaka kama ni yake kweli.

Kuna kitu kimoja kwenye maziko yale kinanigusa kuliko vyote. Jeneza lilifunikwa kitambaa cha chama cha mafundi samani, na kwenye daftari la kanisa akaandikwa Jean-Baptiste Poquelin de Molière, fundi samani wa mfalme. Cheo kile cha baba alichokitupa ujanani kilimrudia mwaka 1660 mdogo wake alipofariki, basi ndicho kilichomwingiza kaburini. Neno mwigizaji halikuandikwa popote.

Na kundi? Tarehe 24 Februari, wiki moja kamili baada ya kifo, wakafungua milango, Baron akachukua nafasi ya marehemu kwenye Le Misanthrope. Machi 3 wakarudisha Le Malade imaginaire na La Thorillière akakalia kile kiti cha Argan. Kuna wanaowaona hawana huruma. Mimi naona wamemwelewa kuliko wote, wale hamsini walikuwa bado wanahitaji kula. Halafu mfalme akawanyang'anya ukumbi akampa Lully wa opera, wengine wakahama, waliobaki wakaungana na kundi la Marais, na mwaka 1680 kwa amri ya mfalme wakaunganishwa na mahasimu wao wa Hôtel de Bourgogne, ikazaliwa Comédie-Française. Ipo mpaka leo, watu wanaiita nyumba ya Molière, waigizaji wake wakuu bado ni wanahisa wanaogawana faida kama ilivyokuwa kwenye kundi lake. Kiti cha Argan wanacho, ngozi imechakaa. Nidhamu ile ya kuandika mapato ya kila siku tunaijua kwa sababu mwenzao La Grange alikuwa na daftari, na huyo huyo La Grange ndiye aliyesimamia kuchapwa kwa kazi zote mwaka 1682. Bila rafiki mwenye daftari tungekuwa tumepoteza nyingi.

Kuhusu lugha ya Molière, ni kawaida ya Ulaya kuiita lugha kwa jina la mwandishi wake mkubwa, kama Kiingereza kinavyoitwa cha Shakespeare. Ila ukiniuliza kwa nini yeye na siyo Racine ambaye mashairi yake yamenyooka zaidi, nitakujibu kwamba kwa Racine wanaongea wafalme, kwa Molière wanaongea wote, kijakazi, mkulima wa kijijini na lafudhi yake, daktari na Kilatini chake, bibi wa mjini anayeongea kwa mapozi. Kifaransa kizima kiko jukwaani. Mpaka sasa mnafiki wa dini wanamwita tartuffe na bahili wanamwita harpagon, wanatumia hata wasiowahi kufungua kitabu. Halafu huyo mtu hakuwahi kuwa mwanachama wa Académie française, baraza la wasomi wanaolinda lugha ya Kifaransa. Mwaka 1778, zaidi ya miaka mia baada ya kifo, wakaweka sanamu yake na kuandika kwamba utukufu wake haukupungukiwa kitu, wao ndo walipungukiwa naye.

Kwetu pia alifika zamani. A. Morrison alimtafsiri kwa Kiswahili, Tabibu Asiyependa Utabibu na Mchuuzi Mwungwana (ndiyo Le Bourgeois gentilhomme), baadaye Tartuffe ikaja kama Mnafiki. Mchuuzi Mwungwana mimi naliona jina bora kuliko hata la Kifaransa, maana mtu wa pwani akisikia mchuuzi na mwungwana yamekaa pamoja anaanza kutabasamu kabla hajafungua kurasa, anajua kuna mtu anataka kununua kisichonunulika. Ukizikuta maktaba, azima.

Kwa wewe unayejifunza lugha, anza na L'Avare, iko kwa nathari siyo mashairi, sentensi fupi. Ila jihadhari na kitu kimoja, Harpagon anarudia "sans dot", bila mahari, tena na tena, anafurahi kumwoza binti yake kwa mzee anayemchukua bila mahari. Sisi mahari inatoka kwa mwanamume, kwao ilitoka kwa baba wa binti, usipolijua hili utashangaa anashangilia nini, yaani mzee anashangilia kwamba hatoi hata senti. Wanafunzi wangu wa kwanza walikaa kimya kabisa pale mpaka nikawaeleza, halafu wakaanza kucheka kwa kuchelewa. Soma onyesho la tatu la tendo la kwanza kwa sauti, wewe na huyo mwenzako mbishi, yeye awe Harpagon anayempekua La Flèche, anamwambia nionyeshe mikono, anaonyeshwa, anasema na mingine iko wapi. Msisome mmekaa, simameni, na yule wa La Flèche achechemee.